Loy Nyafwono na Hofu ya Kisipi

Asubuhi hiyo kilichomwamsha Loy Nyafwono ni shingo. Alihisi kama mtu amempitishia kamba ya moto kutoka bega la kulia hadi chini ya kidevu, akawa anaivuta polepole. Alipeleka mkono akagusa, akakuta ngozi imeinuka na ina joto. Mumewe Opendi alikuwa ameshatoka. Sauti yake ilisikika nje akiwafungulia mbuzi. Loy akachukua kipande cha kioo kilichokuwa juu ya sanduku, akakisogeza dirishani penye mwanga, akainua kidevu. Aliuona mstari mwekundu, mpana kama kidole, na juu yake vilengelenge vidogo vilivyosongamana kama mayai ya chura.

Akakilaza kioo kifudifudi. Akaketi kitandani.

Kuna ugonjwa ambao Wakenya huuita mkanda wa jeshi, na upande wa Uganda watu huuita kisipi. Humvaa mtu upande mmoja wa mwili kama mshipi, ukatoa malengelenge na kuchoma kama kaa. Loy aliujua, wala hakuujua kwa kusimuliwa. Alikuwa ameuosha kwa mikono yake.

Dada yake mkubwa, Kevina, alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yao. Aliolewa Jinja, na mwaka ambao Loy alikuwa darasa la sita, akarudishwa nyumbani Kiyeyi amekalishwa kwenye keria ya baiskeli, amefunikwa shuka. Kitu cha kwanza kilichoonekana kwake ni kisipi. Kilimshika begani kikateremka kifuani, na Loy ndiye aliyepewa kazi ya kumwosha, kwa kuwa mama yao alikuwa na mtoto mchanga na wengine walikuwa wanaogopa. Alimwosha kwa maji ya moto yenye chumvi, Kevina akiuma pindo la shuka ili asipige kelele. Kisipi kilikauka kikaacha makovu, lakini Kevina hakupona. Viungo vilimuuma, akakonda, mwishowe akabaki macho tu. Siku hizo watu waliuita ugonjwa wenyewe, yaani UKIMWI, silimu, na dawa haikuwepo. Baada ya mazishi baba yao aliwakusanya akawaambia kwamba Kevina ameuawa na malaria, na kwamba hataki kusikia neno lingine likitoka nyumbani kwake. Basi ikawa hivyo. Hata watoto wa Loy mwenyewe walikua wakijua kwamba walikuwa na mama mkubwa aliyekufa kwa malaria, wakaishia hapo.

Sasa Loy alikuwa mama wa miaka arobaini na minane, ameolewa Mulanda, mkulima wa mpunga katika kinamasi kilicho chini ya kijiji chao. Tangu mpunga ulipoiva mwili wake ulikuwa haumpi raha. Kiuno kilikuwa kinauma, mabega yanauma, na asubuhi vidole vilikataa kukunjika kwenye kikombe. Alijiambia ni malaria, akanunua dawa dukani, akameza, maumivu yakabaki palepale. Alikuwa amelivumilia hilo kama wanawake wote wanavyolivumilia. Lakini mstari huu ulipojiunga na yale maumivu, alipotazama pia sketi yake na kukumbuka kwamba siku hizi anaifunga kwa pini ya usalama isianguke, kila kitu kilijipanga kichwani mwake katika safu moja. Maumivu, kisipi, kukonda. Hakukumbuka kwamba wakati wa mavuno sketi za wanawake wote wa Mulanda hulegea.

Hofu ikishaingia ndani ya mtu haikai peke yake, hualika wenzake. Mchana ule, akiwa ameinama kinamasini na mundu mkononi, Loy alianza kumfikiria mumewe. Opendi alikuwa dereva wa kanta, lori dogo lililobeba mchele na vitunguu. Alikwenda Mbale, alikwenda Malaba, na mara nyingine alilala huko siku kadhaa gari likiwa kwenye foleni. Katika miaka yote ya ndoa yao Loy hakuwahi kumuuliza amelala wapi. Aliona ni afadhali asijue. Sasa kila safari ilirudi kumsimamia mbele, na jasho lilipoteremka na kuugusa ule mstari, aliuma meno.

Alijifunga mtandio shingoni. Walipokaa kula, Opendi akauliza ana nini, naye akasema mvuke wa sufuria umemchoma alipokuwa akisonga posho. Opendi alimtazama shingoni, pale mtandio ulipokuwa umelegea, kisha akageuza macho haraka kwenye sahani yake. Hakuuliza tena.

Siku zilizofuata Loy alikaa nyumbani kwake kama mwizi. Alitenga kikombe chake na beseni lake, akawa anavificha nyuma ya mtungi. Alitandika mkeka sebuleni akidai chumbani kuna joto. Mtoto wa jirani aliyezoea kuja kudokoa chakula kwenye sahani yake alimfukuza kwa ukali, yule mtoto akarudi kwao akilia, na Loy akabaki mlangoni roho inamuuma. Kila alipopata nafasi ya kuwa peke yake alichemsha maji, akatia chumvi, akaukanda ule mstari kwa kitambaa na kuusugua, kwa sababu hiyo ndiyo tiba aliyoijua. Alitwanga na majani fulani makali akapaka. Ngozi ikachubuka, ikaanza kutoa maji. Kisha akaona kidonda kingine, safari hii kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, kwa ndani pale mkono unapokunjika. Alipokiona hicho hakulia. Alikaa tu akiutazama mkono wake kama vile ni wa mtu mwingine.

Kilichomwondoa nyumbani ni jambo dogo. Alikuwa kisimani na Florence, jirani yake wa miaka mingi, wanasaidiana kuinua dumu la maji. Mtandio ukateleza. Florence aliona. Hakushtuka wala hakuuliza kitu, alisema tu, kwa sauti ya chini, "Pole sana, dada." Lakini mkono wake, uliokuwa umeshika mpini wa dumu pamoja na mkono wa Loy, ulijiondoa. Loy akalibeba dumu peke yake hadi nyumbani. Njiani aliamua kwamba atakwenda kupimwa, na kwamba hatapimwa Mulanda. Mhudumu wa maabara wa pale alikuwa mwenzake wa kwaya kanisani. Angekwenda Busia, tena avuke kabisa aingie Kenya, mahali ambapo hakuna mtu anayelijua jina lake.

Alimwambia Opendi kwamba anakwenda kumwona Peace na mtoto. Peace alikuwa binti yao wa pili, ameolewa na kijana wa Kiteso aitwaye Ecweru, wakikaa chumba cha kupanga Busia, upande wa Uganda. Opendi alikuwa amelala chini ya kanta akikaza nati. Alimaliza kuikaza, kisha akauliza, "Utarudi?"

Hakuuliza atarudi lini. Loy alisema ndiyo, atarudi, akaondoka. Swali lile lilimfuata njia nzima.

Mjini Busia hakukaribia mtaa wa Peace. Alizunguka nyuma ya soko akaenda moja kwa moja mpakani. Tangu redio ilipoanza kutangaza habari za ugonjwa wa mpox, pale pa kuvukia palikuwa na maji ya kunawa, na msichana aliyevaa barakoa akiwapima watu joto kwenye paji la uso. Ukutani palibandikwa picha ya mkono uliojaa malengelenge. Loy aliuona ule mkono akageuza uso. Ilikuwa saa za jua kali, naye alikuwa amejifunga mtandio hadi kidevuni. Yule msichana alimpima, akamtazama, akamuuliza kwa upole imekuwaje ajifunge hivyo katika joto kama lile. Loy akasema jino linamuuma. Msichana akampa pole, akampungia apite. Alipokwisha kupita alisimama kwenye kibanda cha simu akaulizia kituo cha afya.

Kituo cha afya alichoelekezwa kilikuwa nyuma ya barabara kuu, jengo jipya la matofali lenye benchi refu kwenye veranda. Karani akamuuliza jina. "Consolata Akinyi," akasema Loy. Akamuuliza umri, naye akadanganya na umri, ingawa hakukuwa na haja. Akaambiwa akae asubiri.

Alikuwa amekaa kitambo, macho sakafuni, alipomwona mwanamke kijana akipanda ngazi za veranda na mtoto kifuani. Mtoto alikuwa amefunikwa blanketi zito, kofia ya sufu na soksi, na blanketi limevutwa hadi usoni. Mwanamke aliongea na karani kwa sauti ya kunong'ona, kisha akaenda kukaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, amewapa watu wote mgongo. Loy aliujua mgongo ule tangu ulipokuwa mdogo wa kubebwa. Ni Peace.

Kitu cha kwanza alichofikiri ni kwamba amefumaniwa, akavuta mtandio ukafunika nusu ya uso. Kisha wazo la pili likaja, baya kuliko la kwanza. Peace amekuja kufanya nini hapa, mbali na mtaa wake, na kwa nini amemfunika mtoto namna ile? Mara ya mwisho walipokuja Mulanda, Loy alimbeba mjukuu wake Atai kutwa nzima. Alimtafunia mhogo akamlisha kwa kidole. Alimbusu shingoni. Alihesabu yote aliyomfanyia mtoto yule, na kila alichokuwa amekifanya kwa mapenzi sasa alikiona kama sumu.

"Consolata!" mwuguzi akaita kutoka ndani.

Loy hakusogea. Mwuguzi akaita tena, kisha akatoka mlangoni na kuita kwa sauti kubwa zaidi, akiwaangalia waliokaa mmoja mmoja. Hapakuwa na jinsi. Loy akasimama. Peace, aliyekuwa ameinua kichwa kumtafuta huyo Consolata asiyesikia, akamtazama, macho yakamtoka.

"Mama?"

Mwuguzi, aliyekuwa ameona mengi kwenye veranda ile, aliwaangalia wote wawili, akasema ataanza na mgonjwa mwingine.

Walikwenda nyuma ya jengo, penye tangi la maji. Peace alitaka kumkaribia mama yake, lakini Loy akanyoosha mkono kumzuia, akamwambia asimame palepale asimguse. Peace akaielewa vibaya ile ishara. Alidhani mama yake ameshapata habari, kwamba kuna mtu amempigia simu na amekuja kumkaripia. Akaanza kujieleza huku machozi yakimtoka. Atai ametoka vipele mwili mzima, alisema, shingoni na mgongoni, na hapati usingizi. Jirani mmoja alipoviona alitamka mpox mbele ya watu, na tangu hapo hakuna anayetaka hata kuanika nguo kwenye kamba moja naye. Ecweru yuko safarini Soroti. Aliogopa kwenda kituo cha mtaani kwao asije akawekwa karantini, mtoto akachukuliwa. Ndiyo maana amevuka.

"Mimi sikuwaambia kwa sababu niliogopa," akasema. "Nilidhani utasema simtunzi."

Loy alimsikiliza, na kwa muda mfupi alisahau shingo yake mwenyewe. Kisha Peace akauliza swali lililokuwa linangoja. Consolata ni nani?

Loy alifungua fundo la mtandio akauacha udondoke mabegani. Peace aliuona ule mstari uliochubuka, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ni kisipi," Loy akasema. "Peace, sikiliza. Mama yako mkubwa Kevina hakufa kwa malaria."

Alimweleza. Miaka zaidi ya thelathini maneno hayo hayakuwahi kupita mdomoni mwake, na sasa yalitoka yamekatikakatika, mengine yakija kabla ya zamu yake. Alisimulia baiskeli, na shuka, na maji ya chumvi, na baba yao alivyowakusanya. Alisema viungo vinamuuma vilevile kama vilivyomuuma Kevina. Alisema anaogopa kwamba amemwambukiza Atai. Jambo moja tu alilinyamazia, nalo ni safari za Opendi. Lakini Peace alikuwa mwanamke aliyeolewa, akalisikia hata bila kutajwa.

Peace alimtikisa mtoto aliyeanza kulia. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa inajaribu kuwa imara. Alisema siku hizi watu wanameza dawa, wanazeeka, wanalea wajukuu. Yupo mwanamke sokoni anayemfahamu, ameishi na ugonjwa huo miaka mingi na ana nguvu kumshinda yeye. Alisema pia kwamba hata kama ni hivyo, mtoto haambukizwi kwa kubusiwa. Maneno yalikuwa ya kweli. Akamweka mtoto mkono mmoja, na kwa ule mwingine akamshika mama yake kiganja, na Loy alipojaribu kujichomoa akakishika kwa nguvu zaidi. Waliingia ndani hivyo.

Tabibu aliyekuwa zamu alikuwa mwanamume wa makamo aitwaye Phanuel, mwenye sauti ya polepole. Kwa kuwa mtoto ndiye aliyekuwa akilia, alianza naye. Alimwambia Peace amfungue. Likatoka blanketi, ikatoka kofia, likatoka sweta, na chini yake sweta lingine, na ndani kabisa kinguo cha nailoni kilichokuwa kimelowa jasho. Mtoto alinyamaza mara upepo ulipompata. Phanuel alimgeuza, akatazama shingo, makwapa na mgongo, akatazama viganja na nyayo na ndani ya kinywa, akampima joto. Kisha akasema ni harara. Jasho limekosa pa kutokea, ngozi ikavimba vipele. Aliuliza anampaka nini, na Peace akasema mafuta mazito ya mgando, mara nyingi kwa siku, akimwongezea na nguo ili baridi isimzidishie ugonjwa. Phanuel hakumkemea. Alimwambia amwogeshe kwa maji yasiyo moto, amvalishe kitambaa chepesi cha pamba, aache yale mafuta mpaka ngozi itulie. Aliongeza kwamba akiona homa au usaha amrudishe upesi. Peace alisema ndiyo, ndiyo, na kila ndiyo ilikuwa chini kuliko iliyotangulia, mwisho akakaa kwenye kiti kabla hajaambiwa akae.

Ikawa zamu ya Loy. Alimsogelea tabibu kama anayekwenda kuhukumiwa.

"Mimi naogopa hii kitu, daktari," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii ni kisipi. Mimi najua yeye."

Phanuel alivaa glavu, akatazama shingo kwa muda mrefu mno, kama ilivyomwonekea Loy. Akamwinua kidevu. Akafuata mstari kwa kidole bila kuugusa, akaonyesha ulivyopita chini ya kidevu na kuvuka kidogo upande wa pili. Mkanda wa jeshi, alisema, kwa kawaida hauvuki katikati ya mwili. Kisha akauliza kama kuna kidonda kingine, na Loy akamwonyesha kiwiko.

"Kunja mkono," akasema Phanuel.

Loy akakunja.

"Fungua."

Akafungua, na kwa mara ya kwanza akaona kile ambacho hofu ilimzuia asikione. Vidonda vilikuwa viwili, kimoja juu ya mkunjo na kingine chini yake, vimelingana umbo kabisa, kama kurasa mbili za kitabu kilichofungwa wino haujakauka. Phanuel akamweleza kwamba ugonjwa hauchori hivyo. Kuna kitu kilichoichoma ngozi ya juu, na mkono ulipokunjwa kikaichoma na ya chini. Akamuuliza kama wana taa nyumbani. Loy akasema wana balbu ya sola, Opendi aliifunga msimu huu, inaning'inia juu ya kitanda. Akamuuliza kama anaishi karibu na mashamba ya mpunga. Loy akasema yeye mwenyewe ndiye analima mpunga. Akamuuliza kama amewahi kuona mdudu mwembamba kama siafu, mwekundu na mweusi kwa mapingili, anayeinua mkia anapotembea.

Loy alikuwa amewaona wengi. Tangu mvua zianze walikuwa wakitambaa ukutani chini ya ile balbu, na akiwa na usingizi alikuwa akiwapangusa shingoni kama anavyopangusa jasho.

Phanuel akasema mdudu huyo upande wa Kenya huitwa nairobi flai. Haumi wala hachomi, ila ndani yake mna maji makali, na mtu akimponda kwenye ngozi yale maji humuunguza. Ubaya wake ni kwamba moto hauji palepale. Huja kesho yake au keshokutwa, wakati mtu ameshamsahau mdudu, ndipo anaanza kutafuta sababu nyingine. Maji ya moto na kusugua na yale majani ndivyo vilivyomzidishia. Atampa dawa ya kupaka. Akimwona mdudu mwilini ampulize, asimponde, na akishamponda kwa bahati mbaya aoshe upesi kwa sabuni na maji mengi.

Loy alimsikiliza mpaka mwisho, lakini uso wake haukubadilika. Hofu yake haikuwa ya juzi. Akauliza, basi mwili unauma kwa nini?

Phanuel akamuuliza kazi anayoifanya kutwa, aieleze yote. Loy akaeleza. Kuinama kinamasini kutoka asubuhi, kukata, kufunga, kubeba gunia kichwani kupanda mlima, kupura, kupeta, kisha kuni na maji. Anakunywa nini kazini? Hanywi, maana maji ya kinamasi hayanyweki na kisima kiko mbali. Analala wapi? Juu ya mkeka, siku hizi. Phanuel akambonyeza bega, Loy akaruka. Akambonyeza misuli kandokando ya uti wa mgongo, akaruka tena. Alisema misuli imechoka na imekakamaa, na kwamba mgongo ulioinamishwa namna ile ungeuma hata ungekuwa wa kijana. Achukue maji ya kunywa shambani, asimame mara kwa mara anyooshe mgongo, gunia aligawe mara mbili, arudi kulala kwenye godoro. Kama homa ipo apimwe malaria kwanza, asimeze dawa kwa kukisia.

"Nipime na ile nyingine," Loy akasema. "Ile iliua dada yangu."

Phanuel alikubali. Alisema kupimwa ni jambo jema kwa kila mtu, lakini alitaka Loy ajue mambo mawili kabla ya jibu lolote. Hata mkanda wa jeshi wenyewe huwashika watu wasio na virusi vya UKIMWI kabisa, hasa umri unapokwenda. Na kama virusi vingekuwepo, dada yake aliishi zamani ya kukosa dawa, yeye anaishi siku ambazo dawa zipo. Loy alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Alikuwa hasikii.

Malaria haikuonekana. Wakati wa kusubiri jibu la pili ndio uliokuwa mgumu kuliko yote. Walikaa kwenye benchi, Peace kando ya mama yake, Atai akiwa na kinguo kimoja tu amelala mapajani. Loy alitazama mlango. Kila ulipofunguka alihisi harufu ya kile chumba cha Kiyeyi, chumvi na shuka iliyolowa. Akajikuta anapanga nani atachukua shamba, nani atabaki na mbuzi. Alimwomba Mungu, kisha akasahau alikuwa akiomba nini. Mwuguzi alipotoka na kuita "Consolata", Peace ndiye aliyemwinua.

Hakukuwa na virusi. Phanuel alilisema mara mbili, polepole, akashauri arudie baada ya miezi kadhaa, tena aje na mumewe. Loy hakupiga vigelegele. Hofu iliyokaa ndani ya mtu tangu utoto haitoki kama mwiba. Alikaa kwenye kiti mikono mapajani, akasema, "Jina langu si Consolata. Mimi ni Loy Nyafwono, nimetoka Mulanda." Phanuel akasema hapo kwao akina Consolata hupita wengi, akaandika jina upya.

Alilala kwa Peace usiku mmoja, na kesho yake akarudi nyumbani. Opendi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kanta bila kazi mikononi. Loy akamwambia yote, mdudu, balbu, kipimo, na Kevina pia. Opendi alimsikiliza ameinamisha kichwa. Ndipo akakiri kwamba siku ile ya chakula aliuona ule mstari, na yeye pia alidhani ni kisipi. Alidhani Loy amemwacha. Alidhani ni yeye aliyemletea.

Loy akamwambia aende akapimwe. Opendi akasema atakwenda, kisha likatokea gari bovu, kisha likatokea shehena ya vitunguu ya haraka, na kila siku aliyoahirisha Loy alilala macho. Asubuhi moja alivaa shati safi akaenda kwa miguu kwenye kituo cha afya cha Mulanda, akakawia. Aliporudi alisimama mlangoni akasema, "Niko salama," akaenda kukaa kwa mbuzi hadi jua lilipopinda. Loy hakumuuliza ni jambo gani hasa lililomtisha kiasi kile, wala yeye hakusema. Balbu ilihamishwa ikafungwa nje mbali na mlango, na kitanda wakakilalia wote wawili. Lakini kwa miezi mingi baadaye, kanta ilipochelewa Malaba, Loy alikuwa akiamka kutazama njia.

Mstari uliacha alama nyeusi, ukafifia taratibu. Mavuno yalipokwisha Peace alikuja kukaa siku kadhaa, Atai ameanza kusimama kwa kushikilia ukuta. Siku moja wakichambua maharagwe, Peace aliuliza mama mkubwa Kevina alikuwa mtu wa namna gani. Loy akafungua mdomo, akagundua kwamba hana la kusema. Kila alichokumbuka kilikuwa ugonjwa. Hilo lilimtisha kwa namna nyingine, kwamba hofu imemla dada yake na kumwachia kitanda kitupu.

Maharagwe yalikuwa yanakaribia kwisha Loy aliposema kwamba Kevina alikuwa hawezi kupiga mluzi. Alikuwa anajaribu kila siku, akienda mtoni, akirudi, ametunga midomo, na kilichotoka ni upepo tu, na mama yao alikuwa anamfukuza na mwiko akisema msichana hapigi mluzi, naye Kevina akikimbia anajibu kwamba hata yeye mwenyewe hajausikia bado.

Peace akacheka. Loy akamtazama, kisha akaendelea kutafuta kumbukumbu nyingine.